Tutaangaliwa Tunavyoshuka

Wiki nzima kabla ya safari, mume wangu alikuwa anafanya mazoezi ya kushuka. Ya kupanda hakuyahangaikia. Anaiegesha pikipiki katikati ya ua, anaikalia kidogo, halafu anarusha mguu juu ya tangi na kutua kwa vidole kama paka. Mikono inaingia mfukoni, mluzi unaanza, na yeye anatembea mpaka kwenye kamba ya nguo na kurudi. Jirani yetu, nesi wa zamu za usiku ambaye kazi yake mchana ni kulala na kutolala, alimwangalia dirishani siku mbili. Ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Shemeji, sarakasi inalipa?"

"Bado naangalia soko, shemeji."

Sababu yake ilikuwa hii. Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki. Nina kibanda changu, marobota ya ngozi bandia ya kila rangi, sponji mpaka darini, na harufu ya gundi inayowafanya wateja wakubali bei bila kubisha. Mume wangu anasambaza vifurushi kwa pikipiki, mtaa mzima unamwita Dereva, nami nimezoea hivyo hivyo. Yeye ananiita Bosi, hasa akiwa ameharibu kitu.

Sasa, upande wa pili kabisa wa nchi kuna kiwanda kinachounganisha pikipiki. Walikuwa wanatoa pikipiki mpya ya safari ndefu, ya watu wawili, na walikuwa wanamtafuta fundi wa kuwatengenezea kiti chake. Mkubwa wa kiwanda ni mama mmoja ambaye kila mtu anamwita Injinia. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kujieleza kwa wakwe. Nikamwambia nina michoro.

"Michoro sitaki," akasema. "Picha pia usinitumie. Kata kiti, kifunge kwenye pikipiki, mkikalie wawili kutoka huko kwenu mpaka getini kwangu. Mkikipandisha kwenye lori nitajua. Ijumaa nitasimama getini mpaka kengele ya mchana, naangalia mnavyoshuka."

"Basi, hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mtu akivuka nchi juu ya kiti kibaya, anaweza kunidanganya kwa mdomo. Kwa miguu hawezi."

Nilikata simu. Miaka yote nimekuwa nabandika viraka viti vilivyobuniwa na watu wasioyajua makalio ya mtu. Hapa kuna mtu ananiambia nibuni mimi, halafu kiende kwenye kila pikipiki inayotoka kiwandani. Nilimrukia Dereva shingoni akiwa amebeba sahani. Sahani ilivunjika, hakuna aliyejali.

Dawa yangu ya kukata kiti ni mchanga. Nautia maji kidogo, naujaza kwenye mfuko laini wa nailoni, naulaza juu ya fremu, halafu mteja anakaa hapo mpaka mchanga umjue. Akinyanyuka anaacha shimo lake, na hilo shimo nalifuata kwenye sponji kwa kisu, kila bonde na kila kilima. Wapo wanaume wazima, wenye ndevu, wanaoona aibu kuliangalia shimo lao.

Siku zote mteja alikuwa mmoja. Watu wawili kwa pamoja sikuwahi kuwapima. Kwa hiyo jioni moja tukafunga mlango wa kibanda, nikalaza mifuko miwili ya mchanga juu ya fremu, tukapanda wote wawili. Dereva alifanya vituko mpaka nikacheka na mfuko mmoja ukapasuka. Nikauziba, tukapanda tena, safari hii tukatulia. Nikakata, nikagundi, nikashona. Kiti kikatoka kizuri mpaka nikakipiga busu.

Mama mkwe alipopata habari akapiga simu.

"Mwanangu, mabasi yameisha?"

"Yapo, mama. Ila kazi inataka twende na pikipiki."

"Na huyo mwanangu mwenye akili za kuazima ndiye anayeendesha?"

"Mama, nakusikia," Dereva akasema kwa mbali.

"Nimesema ili usikie."

Tuliondoka Jumatano kabla jua halijachomoza. Begi moja tukalifunga nyuma kwa kamba za mpira, likasimama kama abiria wa tatu. Nesi alikuwa anarudi kutoka kazini, akatupungia kofia yake. Taa za mtaa zikaisha, nyumba zikaanza kuachana, na barabara kuu ikafunguka mbele yetu, nyeusi na ndefu, haina mtu. Dereva akaongeza gia. Nikahisi tumbo linabaki nyuma kisha linatukimbilia.

Nilikuwa sijawahi kutoka nje ya mkoa wetu. Asubuhi ile niliona machimbo ya mawe ambayo malori yake yalikuwa madogo kama vibiriti. Niliona mashamba ya alizeti, maua yote yametupa mgongo kwa dharau. Tulipita daraja refu mpaka nikaanza kushuku kama huo mto una mwisho. Reli ilitukuta ikaenda nasi sambamba, treni ikaja, na mwendesha treni, mtu mzima na sharubu zake, akatupigia honi tukashindana naye mpaka njia zilipoachana. Nilikuwa napiga kelele ndani ya helmeti peke yangu. Kama kuna raha nyingine duniani inayofanana na ile, naomba nielekezwe.

Halafu, mahali fulani baada ya treni, maumivu yakaja. Yalibisha hodi kwa adabu kwanza. Nikasogea kushoto, yakasogea kushoto. Nikakunja mguu, nikaunyoosha, nikajifanya natengeneza begi. Kufikia mchana hayakuwa yanabisha tena, yalikuwa yameingia, yamevua viatu na kuomba chai.

Sikusema. Ningesemaje? Kiti ni cha kwangu, mikono ni yangu, na njia yote Dereva alikuwa ananiuliza, "Vipi huko nyuma?" Namjibu, "Sofa." Namuuliza, "Na huko mbele?" Ananijibu, "Kitanda."

Tulifika mji wa kulala jua linazama. Kwenye mgahawa wa chini ya nyumba ya wageni, mhudumu aliweka sahani mezani, akarudi, akatukuta tumesimama, kila mtu na sahani yake mkononi.

"Viti vipo," akasema.

"Tumekaa sana," tukajibu kwa pamoja.

Tukaangaliana. Nikaona kitu machoni mwake, naye nadhani alikiona machoni mwangu, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Usiku huo Dereva alilala kifudifudi, na kila nilipogeuka nilimsikia naye anageuka. Sidhani kama alipata usingizi.

Kesho yake, Alhamisi, tulisimama kituo cha mafuta. Dereva alikwenda chooni, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo kati ya magoti. Mwuza mafuta akaniomba nisogeze pikipiki, lori linataka kuingia. Nikaruka mbele, nikashika usukani, nikaisukuma kwa miguu mpaka kivulini.

Halafu sikushuka.

Nilikaa pale nimetoa macho. Lilikuwa jambo la ajabu, kama kuvaa kiatu cha mtu na kukuta ni chako. Kila mfupa wangu ulipata chumba chake. Nikasogea makusudi, nikatafuta kosa, sikuliona. Ndipo nikaikumbuka ile jioni ya mchanga, nikashika kichwa.

Kibandani, pikipiki ilikuwa imeelekea kwenye kioo kikubwa cha ukutani, na mimi nilitaka kuona tunavyokaa. Kwa hiyo mbele nilikaa mimi. Dereva alikaa nyuma yangu akijifanya abiria, analalamikia nauli, anauliza kama nina leseni, na ndiyo maana nilicheka vile. Mbele nilikata shimo langu. Nyuma nikakata lake. Halafu Jumatano asubuhi tukapanda kama tunavyopanda siku zote, dereva mbele na mke nyuma, na kila mmoja akavuka nusu ya nchi juu ya makalio ya mwenzake.

Alipotoka chooni nikamwambia, "Panda nyuma."

"Kwa nini?"

"Panda kwanza."

Akapanda. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia, akarudi katikati.

"Bosi," akasema polepole, "huku nyuma kuna mtu ametandika."

"Huko mbele jana palikuwaje? Sema kweli."

"Kitanda."

"Dereva."

"Cha misumari."

Nikamweleza. Alicheka mpaka mwuza mafuta akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa, akacheka akaenda kumwita mwenzake. Mimi sikucheka. Kukata upya sikuweza, sponji sina, na gundi inataka siku nzima kukauka. Kesho Injinia atakuwa amesimama getini.

Dereva akaniona. Akashuka, akanishika bega.

"Sikiliza. Tunaendelea hivi hivi, mimi naendesha. Tukifika, nashuka kama nilivyofanya mazoezi. Mguu juu, mluzi, mikono mfukoni. Wewe unashuka nimekushika kiuno, kama maharusi. Hatajua kitu."

"Mimi nitajua."

"Wewe hata usipojua utapata kazi."

"Nikiipata kwa mluzi wako, nitakuwa nakata viti vya watu wengi nisiowajua na sijui kama vinauma. Sitaki, Dereva. Kama kiti ni kibovu bora nijue leo. Nataka tufike kwa kiti, tusifike kwa maigizo."

Akatazama barabara, akatazama pikipiki yake.

"Kwa hiyo uendeshe wewe."

"Leseni ninayo."

"Leseni unayo, lakini umeishia sokoni na kurudi. Na mimi nikikaa nyuma watu wataniitaje?"

"Mzigo," nikasema. "Maisha yako yote umebeba vifurushi. Leo uone maisha ya kifurushi."

Akavaa helmeti, akapanda nyuma. Ila funguo alinipa kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshika begi kama anaaga.

Sitadanganya, mwanzo niliogopa. Lori la kwanza lilipotupita, upepo wake ulinisukuma nikaona ukingo wa lami unanisogelea, na mate yakakauka. Abiria wangu hakusaidia. Kila kona alikuwa anakanyaga breki ambayo haipo. "Gia. Gia, Bosi. Angalia mbuzi. Umemwona mbuzi?" Mbuzi alikuwa ng'ambo ya shamba, amekaa zake. "Punguza. Sasa ongeza. Usimfuate huyo, taa zake haziaminiki." Nikamwambia akisema neno moja zaidi namshusha na begi lake. Akasema hilo ni neno langu, si lake, ila akanyamaza.

Na hapo katikati ya ukimya wake, mikono yangu ikalegea. Niligundua nimepita malori mawili bila kuyaogopa. Pikipiki ilikuwa inaitikia kabla sijamaliza kuwaza, naegemea kidogo nayo inaegemea. Chini yangu kiti kilikuwa kimya. Fundi ukisikia kiti kimya, ni kama mpishi anapoona watu mezani hawaongei. Tukaingia nyanda ambako hakuna mti wala nyumba, anga limefika mpaka chini pande zote, nikafungua mafuta, nikapiga kelele. Nyuma yangu akapiga kelele na yeye. Tulikwenda hivyo mpaka jioni, wajinga wawili katikati ya uwanda, tunapokezana kelele.

Ijumaa asubuhi nilipotoka nyumba ya wageni na helmeti, nilimkuta ameshapanda. Nyuma.

"Nani amekuambia ukae?"

"Nimewahi nafasi," akasema. "Siti hizi zinagombaniwa."

Mlima ndio ulikuwa umebaki. Barabara ilipanda kwa kuzunguka, ikaingia kwenye ukungu, nikawasha taa na kufuata mstari mweupe tu. Kisha ukungu ukapasuka, na chini yetu ukatokea upande wa pili wa nchi, mabati yanang'aa mbali kabisa kama mtu amemwaga vijiko. Kona za kushuka zilikuwa kali, zinakuja moja mgongoni mwa nyingine. Niliingia ya kwanza kwa tahadhari. Ya tano nilikuwa nacheka. Dereva alikuwa anaegemea nami bila kuambiwa, kulia, kushoto, mwili mmoja, na kila tulipotoka kwenye kona aliniminya mbavu, maana yake nimepasi.

Tulipoingia mjini msongamano ukatubana. Magari, mikokoteni, trafiki anayepiga filimbi kwa hasira za nyumbani kwake. Nikauliza kwa sauti, "Hapa kulia au kushoto?" Kimya. Nikadhani amenuna. Nikauliza tena. Ndipo nikasikia kitu kinatetema mgongoni, na sio injini.

Mume wangu alikuwa anakoroma.

Alikuwa amelala kabisa, kichwa begani kwangu, begi limemzuia kwa nyuma, mikono imenizunguka lakini haina nguvu. Kando hakukuwa na pa kusimama, na nyuma kulikuwa na basi. Kwenye taa nyekundu nikavua mtandio shingoni, nikamfunga mikono mbele ya tumbo langu. Mwanamume mmoja ndani ya gari akashusha kioo.

"Dada, umemteka?"

"Ni mume wangu."

"Aa. Basi pole."

Nikaenda kwa mwendo wa kubeba mayai. Geti la kiwanda nililijua kwa umati. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga kwenye ukuta, na mbele yao mama mmoja mnene, mfupi, ovaroli ya bluu, kikombe cha chai mkononi. Kwenye nyasi kulikuwa na ndugu wawili, mafundi wenzangu walioitwa nao kwa kazi hii hii, wanafanana mpaka vipara. Wamefika kabla yetu na kiti chao chekundu kinachong'aa kama gari la zimamoto. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi. Wa pili alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili na anavuta pumzi kwa mpango.

Nikasimama mbele ya ovaroli, nikaweka mguu chini.

"Karibuni," Injinia akasema. "Shukeni."

"Siwezi," nikasema. "Nikishuka ataanguka."

Akasogea. Akainama, akamtazama Dereva ndani ya helmeti, akautazama mtandio.

"Anaigiza huyo," akasema yule ndugu wa kwenye uzio.

Nami, kusema kweli, moyo ulishtuka. Namjua mume wangu. Nikamwambia chini chini, "Dereva, kama ni mchezo nitakuacha huku huku." Nikamfinya paja, nikafinya kwa ukucha. Alisogeza paja na kuendelea kukoroma. Kengele ya mchana ikapigwa, chuma juu ya chuma, kubwa kuliko ya shule, mpaka ndugu wa kwenye nyasi akaruka. Dereva akageuza kichwa, akatafuta bega langu la pili, akalipata.

Wafanyakazi wakacheka. Injinia hakucheka. Alizunguka pikipiki, akabonyeza kiti kwa kidole gumba hapa na pale.

"Kimekatwa kwa kipimo cha nani hiki?"

Hapo ningeweza kusema kimekatwa kwa kipimo cha mtu yeyote. Geti lilikuwa wazi mbele yangu.

"Mbele ni mimi, nyuma ni yeye," nikasema. "Nilikosea. Nilisahau anayeendesha ni yeye. Siku ya kwanza tulikaa kinyume, tukaumia wote mpaka tukala tumesimama. Jana ndiyo tumebadilishana."

"Kwa hiyo wakikalia wawili wengine?"

"Wataumia."

Ukuta mzima ukaguna. Injinia akanywa chai, akameza.

"Mimi natengenezea watu wote pikipiki, mama. Nataka kiti cha watu wote."

"Watu wote sijawahi kukutana nao. Nipe hawa ulio nao hapa, wawili wawili, wanene na wembamba, niwakalishe kwenye mchanga. Nikishaona mashimo yao nitajua wapi yanafanana na wapi nimwachie kila mtu nafasi yake." Nikaona rundo la mchanga kando ya ukuta unaojengwa, mchanga laini, umechekechwa vizuri. "Kama ule. Ule unafaa sana. Nishikie huyu."

Nikafungua mtandio, nikamwegemezea Injinia mume wangu, nikaenda. Nilichota kiganja, nikauminya kuona kama unashika. Unashika. Nikauliza nani ana mfuko wa nailoni na maji yako wapi. Nyuma yangu nikamsikia Dereva, sauti ya usingizi, amemkumbatia mtu.

"Bosi, mbona umenenepa ghafla?"

Watu wa ukutani walianguka kwa kicheko, na safari hii Injinia naye, chai imemmwagikia ovaroli. Lakini macho yake hayakuwa kwa Dereva. Alikuwa anaangalia miguu yangu.

"Umeshuka," akasema.

Nikajitazama. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye mchanga, upande wa pili wa uwanja, nimetoka pale kwenye pikipiki mpaka hapa mbio mbio na sikumbuki hata mguu gani nilitanguliza.

"Shifti ya mchana haiingii," Injinia akawaambia watu wake. "Jipangeni wawili wawili."

Yule ndugu wa kwenye uzio akauliza kama wageni nao wanaruhusiwa. Nikamwambia apange foleni, ila amnyanyue kwanza mwenzake.